Karipio limefutwa, lakini tarehe ya cheo changu imebaki nyuma

Mshauri, salamu.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo hili siwezi kulizungumza kazini, na nyumbani nimelizungumza mpaka mke wangu amechoka. Mimi ni afisa katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Nilizaliwa Kenya, nikaja huku nikiwa kijana, nikapata uraia, nikasoma, nikaingia jeshini. Nikiwa Kapteni, bodi ilinichagua nipande kuwa Meja. Jina likatoka kwenye orodha, nikapewa namba yangu ya zamu, nikapiga simu nyumbani. Baba aliwatangazia watu kanisani. Kilichobaki ni kungoja namba ifikiwe.

Kabla haijafikiwa, kikosi kilihesabu mali nyeti na miwani moja ya kuonea usiku ikakosekana. Hesabu ya mwezi uliotangulia ilikuwa na saini yangu. Uchunguzi ukafunguliwa, nikawekewa zuio, upandishaji ukasimama. Mchunguzi akaandika kwamba nilitia saini bila kuhakikisha, na kwamba kifaa kilipotea kwa uzembe wangu. Jenerali akanipa karipio la maandishi na kuagiza liwekwe kwenye faili langu la kudumu.

Miwani haikupotea. Ilikuwa karakana. Niliihesabu kwa kutumia stakabadhi ya karakana, jambo linaloruhusiwa, ila karani aliyeiandika alipindua tarakimu mbili: 38 ikawa 83. Kila aliyetafuta namba ya kifaa kwenye kompyuta hakuiona. Fundi mmoja ndiye aliyekuja kukiona, kikiwa na kijikaratasi cha njano kilichofungwa kwa waya, namba ile ile ya makosa. Nikakata rufaa kwa DASEB, bodi inayopitia nyaraka mbaya zilizowekwa kwenye mafaili ya wanajeshi, nikaambatisha stakabadhi na maelezo ya fundi. Karipio likaondolewa kwenye faili langu.

Bodi nyingine iliyokuwa ikiangalia kama nibaki kwenye orodha ya kupanda ikapendekeza nibaki, na mwishowe nikavishwa cheo. Lakini tarehe ya cheo niliyopewa ni siku amri ilipotoka, miezi 11 baada ya wenzangu wa namba za jirani na yangu. Nilipouliza, nikajibiwa kwa simu: "Hiyo ndiyo tarehe iliyoidhinishwa." Hakuna karatasi niliyopewa. Tena ripoti yangu ya tathmini ya kipindi kile, ambacho sasa kina miaka miwili na ushee tangu kiishe, bado ina sentensi ya mtathmini mkuu kwamba "anahitaji kusimamiwa kwa karibu katika utunzaji wa mali".

Mke wangu anasema cheo nimepata, nishukuru Mungu nisonge mbele. Kanali mmoja ninayemheshimu ameniambia afisa anayeshtaki hupata sifa ya kushtaki. Rafiki ananiambia niombe bodi maalumu ya uteuzi. Wakili wa uraiani anasema tukimbilie mahakamani. Mimi nataka nirudishiwe haki yangu, lakini naogopa kumkasirisha mtu atakayeandika tathmini yangu ijayo, na bodi ya Luteni Kanali haiko mbali. Je, nikate rufaa au ninyamaze?

Meja wa Kuchelewa

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Meja, pole kwa miezi hiyo yote. Kuambiwa umepoteza kitu ambacho kiko rafuni karakana, kisha ukathibitisha, kisha ukapewa cheo kana kwamba bado una lawama, hilo linauma. Sikuambii usiumie.

Nikisoma barua yako naona mambo matatu yamefungwa fundo moja: karipio, tarehe ya cheo, na sentensi ndani ya tathmini. Wewe unayaona kama jambo moja kwa sababu yametokana na miwani ile ile. Jeshini kila moja lina karatasi yake, mwenye uamuzi wake na muda wake. DASEB ilikuwa na mamlaka juu ya karipio tu. Haikuigusa tarehe yako, wala tathmini, wala ripoti ya uchunguzi. Kwa hiyo unaposema "karipio limeondolewa, kwa nini tarehe haikurudi?", jibu la awali ni kwamba huenda hakuna aliyeulizwa swali hilo rasmi.

Tuanze na neno lako "likaondolewa". Naomba uitoe barua ya uamuzi wa DASEB uisome upya, hasa aya ya mwisho. Chini ya kanuni ya AR 600-37 bodi ile inaweza kufanya mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Inaweza kuifuta nyaraka kwa kuwa ushahidi wa wazi na wa kusadikisha umeonyesha si ya kweli au si ya haki, yote au sehemu yake. Au inaweza kuihamishia kwenye sehemu ya faili yenye vizuizi kwa kuwa lengo la karipio limetimia. Maafisa wengi hupokea uamuzi wa pili wakasherehekea kama wa kwanza. Uhamisho wa namna hiyo hausomwi kama kukiri kosa, na kwa kawaida barua yake husema wazi kwamba haurudi nyuma. Ukijenga hoja ya tarehe juu ya uhamisho, utakuwa na kazi ngumu sana. Ukiwa na ufutaji, msingi ni imara. Ushahidi uliopeleka unanipa matumaini kwamba ni ufutaji, ila usitegemee matumaini yangu, soma.

Ukishasoma, ingia kwenye faili lako la kielektroniki ukague sehemu zote, ile ya utendaji na ile yenye vizuizi. Hutokea karipio likaondoka lakini kiambatisho chake, au majibu uliyoandika wakati ule kujitetea, yakabaki yamewekwa chini ya jina jingine. Karatasi ya utetezi bila shtaka bado inamwambia msomaji kwamba shtaka lilikuwepo.

Sasa tarehe yenyewe, maana hapo ndipo penye uzito. Kucheleweshwa kwako kunaongozwa na kifungu cha 624(d) cha Sheria za Marekani, Juzuu la 10. Kifungu hicho kinaruhusu upandishaji kusimamishwa wakati uchunguzi unaendelea, na kinataka afisa apewe taarifa ya maandishi yenye sababu, pamoja na nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Ucheleweshaji hauvuki miezi 6 mpaka Waziri wa Jeshi aongeze muda. Halafu kinasema jambo ambalo wengi hawalijui: afisa aliyecheleweshwa akibaki kwenye orodha na hatimaye akapandishwa, anapata tarehe ile ile ya cheo, mshahara kuanzia siku ile ile, na nafasi ile ile ya ukuu ambayo angekuwa nayo kama asingecheleweshwa, *isipokuwa* Waziri ameamua kwamba hakustahili kwa sehemu fulani ya kipindi hicho.

Kwa maneno mengine, kurudishiwa tarehe ndiyo kawaida. Kunyimwa kunahitaji uamuzi wa mtu. Basi swali lako la kwanza kwa ofisi ya upandishaji wa maafisa iliyo Kamandi ya Rasilimali Watu, Fort Knox, lisiwe "kwa nini mmenionea?" Liwe hili: ni hati gani iliyoweka tarehe hii, nani ameitia saini, na imetaja sababu gani? Liulize kwa maandishi. Jibu la simu haliwezi kuambatishwa popote.

Majibu yanaweza kuwa ya namna tatu. Huenda hakuna hati yoyote, karani alijaza siku ya amri kwa mazoea; hapo marekebisho yanaweza kufanywa na ofisi hiyo hiyo bila rufaa yoyote. Huenda kuna uamuzi, nao umesimama juu ya karipio peke yake; hoja yako inakuwa kwamba msingi umeondolewa, na kilichojengwa juu yake hakina pa kusimama. Au huenda uamuzi umesimama juu ya ripoti ya uchunguzi, si karipio.

Hilo la tatu ndilo linalonitia wasiwasi, na nakuomba univumilie nikikuuliza swali usilolipenda. Mchunguzi aliandika mambo mawili: kwamba kifaa kimepotea, na kwamba ulitia saini bila kuhakikisha. La kwanza limekufa. La pili, je? Uliihesabu miwani kwa stakabadhi. Uliilinganisha namba ya stakabadhi na namba ya daftari la mali, au ulihesabu idadi tu? Sikuhukumu, siku ya hesabu ya mali nyeti kila mtu anajua ilivyo, stakabadhi zimerundikana na silaha zinasubiri kurudishwa ghalani. Lakini atakayelisoma ombi lako ataliuliza, na ni heri alikute limejibiwa ndani ya ukurasa wa kwanza kuliko alivumbue mwenyewe.

Ripoti hiyo ya uchunguzi ina maisha yake. Kufutwa kwa karipio hakuifuti. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa mwaka 2019, bodi zinazochagua maafisa wa ngazi ya Meja na kuendelea hupelekewa taarifa mbaya zilizothibitishwa na uchunguzi rasmi, hata kama hakuna karipio failini. Kwa hiyo omba nakala kamili ya uchunguzi na viambatisho vyake kwa ofisi ya sheria ya kamandi iliyouidhinisha, ukitumia sheria ya faragha na ile ya uhuru wa habari. Kanuni ya AR 15-6 inaruhusu kuomba matokeo yaangaliwe upya ushahidi mpya ukipatikana, na ombi hilo lina muda wake, hivyo usilikalie. Aliyeidhinisha matokeo akikubali kurekebisha mstari ule mmoja wa "kimepotea", umejisaidia kwa tarehe, kwa tathmini na kwa bodi ya Luteni Kanali kwa mpigo mmoja.

Angalia pia fomu DA 268 iliyofunga zuio lako. Kufungwa kwa herufi C kunamaanisha kesi imeisha kwa heri. D inamaanisha adhabu ilitolewa. Zuio lililofungwa kwa D siku karipio lilipowekwa failini, kisha karipio likafutwa, ni mkanganyiko unaoonekana kwa macho, na mara nyingi ndipo tarehe ya kuchelewa ilipozaliwa. Omba kikosi kilichokuwekea zuio kirekebishe.

Ukiandika ombi la tarehe, liwe kurasa mbili. Ambatisha orodha ya upandishaji yenye namba yako, tangazo la mwezi ambao namba hiyo ilifikiwa, taarifa ya kucheleweshwa, fomu za zuio za kufungua na kufunga, uamuzi wa DASEB, na amri ya cheo. Taja tarehe unayoiomba, siku, mwezi na mwaka. Maombi mengi hukwama hapa: afisa anaeleza dhuluma vizuri, kisha hasemi angepandishwa siku gani wala haonyeshi tangazo linalothibitisha. Barua za kukusifu tabia ziache. Hapa hakuna anayebisha kuhusu tabia yako.

Fort Knox wakikataa, au wakisema hawana mamlaka ya kugusa uamuzi wa Waziri, mlango unaofuata ni Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi, ABCMR, kwa fomu DD 149. Muda ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, na bodi inaweza kuusamehe kwa maslahi ya haki. Kipimo chake ni uzito wa ushahidi kuelemea upande wako, chepesi kuliko kile ambacho DASEB hukitaka ili kufuta nyaraka. Sheria inaitaka bodi imalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10 na isizidi miezi 18, kwa hiyo jiandae kwa subira. Katikati huenda bodi ikaomba maoni ya Fort Knox, nawe utatumiwa nakala. Yajibu, hata kama yanakuunga mkono nusu nusu. Wengi huyapuuza wakidhani ni taarifa tu, kumbe hayo maoni ndiyo yanayonakiliwa kwenye uamuzi.

Hapa naomba tuigeuze hofu yako upande wa pili. Kanali wako hakukosea kwamba sifa husambaa. Lakini fomu DD 149 haipitii kwa kamanda wako. Unaituma mwenyewe moja kwa moja, na maamuzi yanapochapishwa majina huondolewa. Kuomba tarehe irekebishwe hakumshtaki mtu; hata jenerali aliyekukaripia haihitajiki kusemwa kwamba alifanya vibaya, kwa kuwa aliamua kwa karatasi aliyoletewa. Nafikiri ukiliandika hivyo, hata nafsi yako itapumua. Kushtaki kwa kweli kupo, ni ile njia ya malalamiko dhidi ya kamanda chini ya Kifungu cha 138 cha sheria ya haki ya kijeshi (UCMJ), na kwa jambo lako sioni inakusaidia nini, kwani huwa inawarudisha watu kwenye njia nyingine ya rufaa iliyopo. Mbunge au seneta wako anaweza kuuliza faili limefika wapi. Hawezi kuamua.

Tathmini ndiyo inayokimbizana na saa. Rufaa dhidi ya maudhui ya tathmini ina miaka 3 tangu siku kipindi chake kilipoisha, chini ya AR 623-3, na wewe umesema imepita miwili na ushee. Na ABCMR hulirudisha ombi kama hukupitia rufaa hiyo kwanza ingali wazi. Ugumu ni kwamba sentensi haikutaja karipio wala miwani. Mtathmini mkuu anaweza kusema alikuwa na sababu nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kuandika rufaa, mtafute. Mpelekee stakabadhi na maelezo ya fundi, umuulize kwa heshima kama angeiandika sentensi ile angejua. Akikuandikia kwamba ilitokana na tukio lile, una rufaa yenye nguvu. Akinyamaza, mtafute mtathmini wa kwanza, au aliyekuwa msimamizi wa ghala. Ukiomba, omba sentensi ile iondolewe na ripoti ibaki; ripoti nzima ikiondolewa unabaki na pengo la miezi, na mazuri uliyofanya yanakwenda nayo.

Bodi maalumu ya uteuzi aliyokutajia rafiki ni kwa afisa ambaye hakuteuliwa kwa sababu bodi iliona faili lenye kosa kubwa, au haikuliona kabisa. Wewe uliteuliwa. Iweke akilini tu iwapo bodi ya Luteni Kanali itakaa kabla sentensi ile haijaondoka na ukaachwa.

Mahakama nayo, sikatai. Madai ya malimbikizo ya mshahara husikilizwa na Mahakama ya Madai ya Shirikisho ndani ya miaka 6, na kungoja ABCMR hakusimamishi saa hiyo. Lakini miezi 11 si mingi, na ada ya wakili inaweza kumeza tofauti ya mshahara wa Kapteni na Meja kwa kipindi hicho. Piga hesabu kwa jedwali la mshahara la mwaka husika, ongeza tofauti ya posho ya nyumba, kisha ulinganishe. Ofisi ya msaada wa kisheria kituoni kwako itakusomea nyaraka bure. Ukimlipa wakili, muulize ameshughulikia kesi ngapi za tarehe ya cheo, si za karipio, maana ni kazi mbili.

Kuna jambo moja ambalo katika barua yako halimo, na huenda likakushangaza. Tarehe ya cheo ikirudi nyuma miezi 11, unaweza kuingia kwenye zamu ya kuangaliwa kwa Luteni Kanali mapema zaidi, na ripoti chache za Umeja mkononi. Kama bado hujamaliza kipindi chako cha kazi muhimu za Meja, unaweza kushindania nafasi na watu waliokuzidi ripoti. Zungumza na afisa anayesimamia safari ya kazi ya tawi lako, umuulize ungekuwa kundi lipi kwa kila tarehe. Wapo wanaoomba tarehe pamoja na malimbikizo, na wapo ambao wakishaliona jambo hili huelekeza nguvu zote kwenye tathmini na uchunguzi, tarehe wakaiacha. Sioni aibu kwa yeyote kati yao.

Mke wako anaposema "songa mbele", ningekusihi umuulize anamaanisha nini. Huenda hakuambii uache haki yako. Huenda anakuambia kwamba mezani kila jioni mmekuwa wawili pamoja na miwani ile. Mnaweza kukubaliana kwamba jambo hili lina siku yake moja ya juma, faili moja, na tarehe ya kuangalia tena. Na baba, kama anauliza, anaweza kuambiwa kwa kifupi kwamba cheo kimefika na hesabu ya siku inasahihishwa.

Kwa sasa hulazimiki kuamua kama unakata rufaa ya tarehe au unanyamaza. Ombi la kuona hati iliyoweka tarehe yako halikufungi upande wowote, na jibu lake ndilo litakalokuonyesha kama unapigania makosa ya karani au uamuzi wa Waziri. La tathmini ndilo lisilongoja: angalia siku kipindi kile kilipoishia, hesabu miaka 3, na mpigie mtathmini mkuu ungali na miezi ya kutosha ya kupata barua yake. Ukiipata ile hati ya tarehe, niandikie kilichomo.